Zambarau Isiyo na Mwenyewe

Fundi alikuwa na ugomvi na rangi moja. Haikuwa nyekundu, ambayo wapiga picha wa arusi huilalamikia kwamba inavimba, wala nyeupe, ambayo jua letu huipiga mpaka ikapotea. Ilikuwa zambarau, na tena si zambarau yote. Alichukia ule uzi mwembamba unaojitokeza pale kitu cheusi kinapopakana na mwangaza mkali: pembeni mwa nondo za dirisha, kwenye ncha za makuti yaliyo mbele ya mbingu, kwenye kipuli kinachometameta. Ukiitazama picha kwa mbali huuoni. Ukiikuza, umo, umekaa ukingoni kama wino uliovuja, na hakuna mtu aliyevaa rangi hiyo wala ukuta uliopakwa rangi hiyo. Lenzi imeizua tu.

"Hii ni ya nani?" aliniuliza siku ya kwanza nilipokaa karibu naye, kidole chake kikigonga kioo cha kompyuta.

Nikamwambia sijui.

"Hujui kwa sababu haina mwenyewe. Sasa kitu kisicho na mwenyewe kimeingiaje kwenye picha ya watu?"

Aliuliza kwa hasira ya kweli, kama mke aliyerudi nyumbani akakuta mlangoni viatu vya mwanamke asiyemjua. Nilitaka kucheka. Nilipomtazama usoni nikaona afadhali nisicheke.

Mimi pia ninaandika haya kwa hasira. Ukimtaja Fundi leo, popote kati ya Tiwi na Msambweni, mtu atakwambia, "Yule wa picha ya sanda?" Miaka yote ile aliyokesha macho kwa ajili ya nyuso za watoto wa watu, wamemfutia yote wakamwachia neno moja. Na wanaolisema neno hilo wengi hawakuiona hata hiyo picha.

Hatukumwita jina lingine. Alikuwa Fundi kwa wakubwa na wadogo, na aliyeuliza ametoka wapi alijibiwa, "Nimetoka nyumbani asubuhi." Kila mtu alijua kwamba ni mtu wa bara, kwamba alikuja kulima kwenye mashamba ya makazi yaliyogawiwa na serikali na baadaye akaacha jembe akashika kamera, na kwamba Jumapili ungemwona akielekea kanisani na kitabu cha nyimbo ndani ya mfuko wa plastiki. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengi wetu tuliozaliwa hapa. Hakusema "nimekam" wala "ako." Mtu akimwambia "sasa" badala ya shikamoo, alijibu, "Sasa ni saa nne na robo," akaendelea na kazi yake.

Mimi ni wa Kikoneni, niliacha shule darasa la sita. Nimefua mashuka ya hoteli Diani, nimeparua samaki Shimoni, nimeuza mitumba Kombani, nimesuka nywele, nimepika kwenye mikahawa miwili ambayo yote ilifungwa, na sidhani ni kwa ajili yangu. Nikikaa mahali miezi mitatu miguu huanza kuniwasha. Kwa Fundi nilikaa karibu miaka mitatu, nikitoka na kurudi, na kilichonirudisha kilikuwa ni kutaka kujua. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akigombana na ukingo.

Lenzi yake ya kwanza ya kamera ya dijitali aliirudisha dukani Mombasa mara mbili. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, akiigiza sauti zote mbili.

"Mama, hiyo ni kawaida," muuzaji alimwambia. "Lenzi zote hufanya hivyo kwenye mwangaza mkali."

"Kawaida ya nani?"

"Ya lenzi, Mama."

"Mimi nimekuja kununua lenzi. Sikuja kununua tabia zake."

Mara ya pili yule muuzaji alipomwona akivuka barabara, alijifanya yuko kwenye simu, na simu yenyewe ameishika juu chini. Lakini Fundi alirudi na lenzi ileile, na tangu hapo "kawaida ya nani?" likawa neno lake. Maji ya mfereji yakikatika siku nne, kawaida ya nani? Kwaya ikianza saa moja baada ya wakati wake, kawaida ya nani? Mpishi wa arusi akiwapa wapiga picha ukoko wa pilau, Fundi aliinua sahani, akauonyesha ule ukoko kwa watu waliokuwapo, na kuuliza swali lake.

Alipoona lenzi haitabadilika, alibadilisha namna ya kuitumia. Vijana hupenda kulifungua tundu la lenzi wazi kabisa ili nyuma ya bibi arusi kuwe na ukungu mzuri, na kwenye uwazi huohuo ndimo zambarau hupenya. Yeye alilifinya hatua mbili tatu, akaongeza taa kufidia giza. Hakumkalisha mtu na dirisha nyuma yake. Hakumsukuma mtu pembezoni mwa picha, maana huko ndiko lenzi huzua zaidi. Kuzuia jua lisiangukie kioo, alivalisha lenzi kofia aliyoitengeneza kwa boksi la viatu, akaipaka masizi ya jiko kwa ndani. Ilikuwa mbaya kuitazama. Mtoto mmoja huko Bongwe aliiona akauliza kama Fundi anapiga picha kwa sufuria.

Iliyobaki aliitoa kwa mkono. Aliikuza picha mpaka kope zikawa nene kama kamba, akachagua ile zambarau, akapitisha brashi ya kompyuta ukingoni tu, nondo kwa nondo, unywele kwa unywele. Picha moja ingeweza kula asubuhi nzima. Alikuwa akinong'ona huku akifuta, "Toka. Na wewe toka." Kisha akifika penye nguo, alisimama.

"Hapa nini?" aliniuliza.

"Zambarau."

"Ya mwizi au ya mwenyewe?"

Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote. Kuna zambarau ya mwizi, iliyoletwa na lenzi, na kuna zambarau ya mwenyewe, mtu ameinunua dukani akaivaa siku ya furaha yake. Kwenye kompyuta zote mbili ni rangi moja. Kompyuta haijui arusi. Ndiyo maana alichukia kitufe. Kipo kitufe ukikivuta kinanyonya zambarau yote kwenye picha kwa mara moja, na vijana wa studio nyingi za Ukunda hukivuta hicho wakaenda kula chakula cha mchana.

"Umeshaona mtu anatoa doa kwenye kanzu kwa kukata kanzu?" alikuwa akisema. Akiona albamu ya arusi ambayo maua yote yamekuwa rangi ya majivu, aliifunga kwa kishindo na kumsuta mwenye studio palepale, mbele ya wateja wake. "Umemvua binti wa watu rangi yake. Na nani aliyekupa ruhusa ya kumvua?" Vijana walimwogopa. Wengine walimcheka mgongoni, wakamwita Mama Kingo. Nao pia nimewakasirikia.

Kazi yake kubwa ilikuwa siku ya kupamba. Msomaji wa mbali aelewe: siku hiyo bibi arusi huketi amepambwa, na wanawake peke yao ndio huingia, wamevua mabuibui, nywele wazi, dhahabu shingoni. Hakuna mwanamume anayeruhusiwa kuona, wala picha zake hazitakiwi kutangatanga. Na mama za Kiislamu wa huku, watu makini kama hao, walimwita mwanamke Mkristo kutoka bara awapigie picha hizo. Walimwita kwa sababu ya mambo mawili.

La kwanza lilikuwa beseni. Fundi alikuja na beseni lake la buluu, akaliweka mlangoni, na kila aliyeingia aliweka simu humo. Shangazi wa bwana arusi, humo. Mke wa mheshimiwa fulani alikataa, akasema yeye si mtoto. Fundi akaiweka kamera yake kwenye beseni, akakaa chini. "Basi leo sote tutakumbuka kwa akili." Baada ya robo saa mke wa mheshimiwa alileta simu mbili.

La pili ndilo lililomjengea jina. Picha zikishakamilika, alikwenda na kompyuta mpaka nyumbani kwa bibi arusi. Aliwapa picha zao, wakahakikisha zinafunguka. Kisha alimketisha mama wa bibi arusi mbele ya kompyuta, akamwonyesha zile alizobaki nazo, zote, safi na zisizosafishwa, na kumwambia, "Bonyeza mwenyewe." Mama alibonyeza kwa kidole chake. Zikafutika. Fundi akasema, "Amana imerudi," akanywa chai, akaondoka. Hakubakiza hata moja. Kwake hapakuwa na picha ukutani, na yeye mwenyewe hakukubali kupigwa. Nilipomlenga siku moja kwa utani, alinyoosha mkono akaziba lenzi.

Kamera yake iliandika kwenye kadi mbili kwa pamoja, moja ikiharibika nyingine iokoe. Kadi ya pili ilikuwa kazi yangu. Kila siku ya kubonyeza, nayo ilikuwa juu yangu kuisafisha.

Hakuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa sukari. Aliwakemea watu kwa kutokubali makosa na yeye hakuwahi kukubali lake. Akikosea njia ya kwenda arusini, ni nyumba iliyohamishwa. Na alikuwa na kiburi cha macho. Mwaka wa mwisho nilimwona akisogeza kompyuta karibu, kisha karibu zaidi. Alilaumu balbu. Alilaumu vumbi. Siku moja alinisifu, "Gauni lako hili la kahawia limekukaa." Lilikuwa la zambarau. Nikacheka, nikidhani ananichokoza, naye akacheka baada yangu, kwa kuchelewa kidogo. Ningekuwa na akili ya kutosha ningekisikia kile kicheko. Nilikwenda shule mpaka darasa la sita, lakini kwa hilo hata la kwanza lingetosha.

Sasa nifike kwenye arusi ya Riziki, kule Gazi.

Riziki alilelewa na bibi yake, mama wa mama yake, ingawa mama yake yu hai. Bibi alikuwa mgonjwa sana siku ya kupamba, wakamleta amebebwa kwenye kiti. Alipofika karibu na mjukuu wake alivua leso yake ya zambarau, iliyopauka kwa kufuliwa lakini zambarau kweli, akaitupa juu ya mabega yao wote wawili, akasema, "Nifungieni humu naye." Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Ilikuwa alasiri, jua limejaa kwenye nondo nyuma yao, na hapakuwa na wakati wa kumhamisha mgonjwa. Fundi alipiga hivyohivyo. Nilimsikia akisonya. Alijua wizi utakaokuwamo.

Siku ya kubonyeza, Mama Riziki hakuzikagua moja moja; alibonyeza, amana ikarudi. Mimi miguu ilikuwa imeshaanza kuniwasha. Nilikwenda Shimoni, nikavuka Wasini, nikapata kazi ya kupikia wageni.

Bibi alifariki wiki chache baada ya arusi. Nguo zake ziligawiwa sadaka kama ilivyo desturi, na leso ikaenda na nguo nyingine. Hakuna aliyejua imeangukia kwa nani. Ndipo familia ikaona hiyo moja, kwa kuwa leso imewasitiri mabega, inaweza kutoka nje; wakaichapisha kubwa, waitundike. Ilipofunguliwa, leso ilikuwa nyeupe yenye ujivujivu. Bibi anayekaribia kufa na bibi arusi wamefunikwa pamoja nguo nyeupe. Riziki aliitazama mara moja akaingia chumbani. Jirani mmoja akasema sanda. Neno likatoka nje ya nyumba kabla ya chai kupoa. Kwamba picha ilitabiri. Kwamba yule mtu wa bara ameweka kitu. Kwamba angejuaje nguo nyeupe ina maana gani kwetu, si wa kwetu.

Wanawake aliowatunzia siri zao miaka yote, ndio waliosema si wa kwetu. Nilizisikia habari hizi nikiwa Wasini, nikaacha sufuria jikoni, nikavuka, na kutoka Shimoni nikaenda moja kwa moja mpaka Ukunda, kwenye studio iliyochapisha. Nilikuwa na hakika ni wao. Nilijua kwamba leso kwenye picha ilitoka zambarau.

Nilijuaje? Kadi ya pili ilikuwa kwangu. Sikuisafisha. Nilikuwa nimepata kompyuta kuukuu, na nilitaka kujifunza kufuta kingo peke yangu, bila mtu wa kunigonga vidole. Niliondoka nayo nimeifunga kwenye pindo la leso yangu. Nilisema moyoni nitairudisha. Wanawake wote wale wa Gazi, nywele wazi, walisafiri nami mpaka Wasini, na hakuna aliyejua.

Nilimvamia kijana wa studio kwa maneno ambayo siyaandiki. Yeye ni wa Nairobi, mpole, aliniacha nimalize.

"Siz, relax," alisema. "Mimi nimechapa tu. Hii faili ilikuja hivi. Hata mimi nilishangaa, nikajua labda ni mambo ya dini."

Aligeuza kompyuta nione. Faili lilikuwa la Fundi, lenye tarehe ya Fundi, na leso ilikuwa imeshakufa humo. Na si leso peke yake. Maua ukutani, rangi ya kucha za mtoto aliyeketi chini, vyote majivu. Nilizijua alama zile. Kitufe.

Nilimkuta Fundi kwenye kibaraza chake Msambweni, anachambua mbaazi. Sikumsalimu.

"Fundi, ulivuta kitufe?"

Aliendelea kuchambua. Niliona anaacha mbaazi mbovu na kutupa nzima.

"Nani amekwambia?"

"Faili."

"Basi faili limesema kweli." Aliweka ungo chini. "Nilikuwa simwoni mwizi. Nilijua yumo, pale kwenye nondo, lakini simwoni. Kila ukingo rangi ya chai. Nikasema nivute kidogo, niwe na hakika hakubaki. Ile leso niliiona ya kahawia, mwanangu. Tangu ukumbini niliiona ya kahawia."

"Na kwa nini hukuniuliza mimi? Nilikuwa hapa! Nina macho!"

"Wewe ulikuwa umeshaanza kutazama njia."

Nilipiga kelele. Nilimwambia amewasuta watu miaka yote kwa jambo hilohilo, kwamba ana kiburi, kwamba aende akaseme. Aliningoja nipumue.

"Nimekwenda," alisema. "Juzi. Nilimwambia Mama Riziki kwamba ni mimi, ni macho, si mambo ya kutabiri. Akaniuliza kama iko nyingine, ile ya kwanza. Nikamwambia ulibonyeza mwenyewe. Nikamwapia kwa Mungu wangu kwamba hakuna iliyobaki popote. Alinifungulia mlango nitoke."

Kadi ilikuwa kiunoni pangu, kwenye pindo, hatua mbili kutoka kwake. Sikuitoa. Nilikuwa nimetoka kupiga kelele za haki, na sikujua namna ya kuwa mwizi katika dakika hiyohiyo. Niliondoka nikasema nina hasira naye. Nilikaa na hasira hiyo karibu miezi saba, Kombani, nikiuza mitumba, nikigombana na kila aliyetamka picha ya sanda. Nilimpiga mwanamke mmoja kwa fungu la suruali za watoto. Kila nilipomtetea Fundi, pindo lilinigonga nyonga.

Sasa siku ya mwisho niliyokuwa naye.

Nilisikia amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Nilikwenda asubuhi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Gauni lako ni la zambarau," alisema kabla sijaketi. "Na lilikuwa la zambarau siku ile. Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unanitania."

"Mimi na utani wapi na wapi?" Aliziba jicho moja, akatazama mlango, akaziba la pili, akatazama tena. "Hili linaniambia chai. Hili linaniambia buluu, mpaka maziwa yana ubuluu. Nilikwenda Gazi wiki iliyopita, nikaomba kuiona ile picha. Wameigeuza, imeelekea ukutani. Niliigeuza nikaitazama kwa hili jipya." Aliondoa mkono jichoni. "Ni sanda. Wana haki. Nimemvika bibi wa watu sanda akiwa hai."

Nikafungua pindo, nikaiweka kadi juu ya meza.

Aliitambua kabla sijasema. Kwenye mgongo wake kulikuwa na namba mbili aliyoiandika kwa kalamu yake mwenyewe.

"Imekuwa kwako tangu lini?"

"Tangu arusi."

"Umezitazama?"

"Ndiyo. Nilitaka kujifunza."

Nilidhani atashukuru. Nitasema ukweli, nilikuwa nimeshajiandaa kushukuriwa. Alisimama, na sauti yake ikawa ndogo, nami nilikuwa sijawahi kuisikia ikiwa ndogo.

"Nimeapa kwa Mungu mbele ya mama mwenye msiba kwamba hakuna iliyobaki. Umenifanya mwapaji wa uongo, na sikujua. Mimi nilimharibia picha moja. Wewe umewabeba wote."

"Lakini itamrudishia leso yake!"

"Ndiyo. Na ndiyo maana siitupi ndani ya choo sasa hivi. Chukua. Hii si yako wala si yangu, na kwenye kompyuta yangu haiingii mpaka mwenyewe aseme. Tunakwenda Gazi. Utasema wewe."

Tulifika adhuhuri imepita. Mama Riziki alitukaribisha kwa adabu, na adabu yake ilikuwa baridi. Riziki alikuwapo, ana mimba kubwa. Fundi hakufungua mdomo. Nilisema, yote, kadi, pindo, Wasini, kompyuta kuukuu ambayo nilikuwa nimeshaisafisha. Nilitazama mkeka wakati wote.

"Nani mwingine ameziona?" Mama Riziki aliuliza.

"Hakuna. Wallahi."

"Usiniapie. Nyinyi wawili mmeshaniapia vya kutosha." Kisha akamgeukia Fundi. "Unaona sasa?"

"Naona kwa moja," Fundi alisema.

"Moja linatosha kwa leso?"

"Linatosha. Ukiruhusu."

Mama Riziki alimtazama binti yake. Riziki aliinamisha kichwa kukubali, na mama yake akasema, "Fungueni."

Fundi alifunga jicho la kushoto kwa kitambaa, kama mtu anayejiandaa kulenga. Picha ilipofunguka, Riziki alishika mdomo. Leso ilikuwa pale, imepauka kwenye mikunjo, imekoza kwenye pindo, zambarau ya mwenyewe. Na nyuma yake kila nondo ilikuwa imevaa uzi wa mwizi, na mmoja ulipita kwenye mvi za Bibi. Fundi alianza. Hakuniomba macho yangu. Pale leso na nondo zilipopakana, alimwomba Riziki.

"Hapa?"

"Hiyo ni leso."

"Na hapa?"

"Hiyo siyo. Toa."

"Toka," Fundi aliinong'oneza.

Ilichukua mpaka alasiri. Iliadhiniwa, wakasali, Fundi akangoja mikono ikiwa mapajani, kisha wakarudi kwenye kompyuta wakaendelea. Mwishoni Riziki aliomba ikuzwe usoni mwa Bibi, akakaa nayo muda mrefu, mkono mmoja juu ya tumbo. Alikwenda ukutani, akaishusha ile iliyogeuzwa, akaipeleka nje mwenyewe.

Walihifadhi picha yao. Fundi aliisogeza kompyuta mbele ya Mama Riziki, kadi imechomekwa.

"Bonyeza mwenyewe."

Alibonyeza. Fundi aliitoa kadi, akaiuma katikati ikavunjika, akatema vipande kiganjani na kumkabidhi. "Sasa amana imerudi," alisema, na mara hii hakuna aliyeleta chai.

Tulikuwa tumeshavaa viatu Mama Riziki alipotufuata mlangoni. Mdogo wake Riziki anaolewa baada ya Ramadhani, alisema. Kupamba kutakuwa ukumbi uleule.

"Wataongea," Fundi alisema.

"Kawaida yao. Uje na beseni."

Fundi alitengeneza kitambaa chake kichwani.

"Nitakuja," alisema. Kisha bila kugeuka akaninyooshea kidole. "Huyu hatakuja."

Nilikasirika pale mlangoni, na hata sasa nikikumbuka nakasirika. Nilitafuta njia nzima mpaka barabarani neno la kumjibu. Hakupunguza mwendo.